Nikikohoa, Akikohoa

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu,

Habari za huko uliko, na habari za shemeji na kazi? Sisi tunaendelea. Mama yupo, anakula, anagomba. Wiki iliyopita alimfukuza muuguzi aliyekuja kumpima presha, eti kaanza kumshika mkono kabla ya kumsalimia. Shemeji yako mzima, ila magoti. Mwanao anapita kila Jumamosi akitoka kusahihisha madaftari, anakaa na bibi yake, anakula, anaondoka. Kazi imenifika shingoni kwa sababu shule zinafunguliwa. Mafundi wangu wote wanne wanashona sare na cherehani ya vifungo imekataa tena.

Najua unashangaa kupata barua. Simu ninayo. Lakini tangu sikio la kushoto liharibike lazima niipandishe sauti mpaka isikike mlangoni, na chumba cha kushonea unakijua: mita nne kwa tano, mafundi wamebanana, wateja kwenye benchi. Neno langu si la kusikiwa na mtu aliyekuja kupunguza kiuno cha suruali.

Ni hivi. Tangu mwaka jana mkojo unanisumbua. Naenda, nasimama, unatoka matone, narudi kukaa, nainuka tena. Mafundi wakaanza kunitania kwamba nimeajiriwa chooni. Nikapima damu, ikaja namba ambayo daktari hakuipenda. Wakanichoma sindano kumi na mbili kuchukua vinyama vya kupima, mahali penyewe usiniulize, na baada ya wiki mbili akaniita. Akawa anasema tezi dume, tezi dume. Mimi tezi niliyoijua maisha yangu yote ni ile ya mwenda tezi na omo. Nikamwambia hivyo. Mwishowe akasema kansa, na hilo nililielewa.

Ninaogopa, mdogo wangu. Nimeliandika hapa ili nisilazimike kulisema kwa mdomo.

Anasema bado imo ndani ya tezi haijatoka, kwa hiyo tezi yote iondolewe, na nisipitishe miezi mitano. Siku hizi wanaiondoa kwa roboti. Hapa mjini zipo mbili. Hospitali kubwa ina mashine yenye nguzo moja na mikono minne inayoning'inia kutoka juu. Hiyo nimeiita Pweza. Hospitali mpya ina mikono iliyoachana, kila mmoja umesimama kwenye kigari chake. Hiyo nimeiita Ndugu Wanne, nikikumbuka sisi wawili na dada zetu tulivyokuwa tukigombania kitanda. Madaktari wa kila upande wanasifia ya kwao, na mwamba ngoma huvutia kwake. Katika ukoo huu fundi wa mashine za hospitali ni wewe, na umezitengeneza miaka ishirini na sita. Niambie ipi. Utakayoitaja ndiyo hiyo hiyo, sitauliza mtu mwingine.

Mke wangu anajua nusu. Mama hajui kitu. Na wewe hujaambiwa.

Kaka yako

*

Tarehe 2 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa ofisini siku nne kwa sababu karani hakuzoea kuona barua ya mkono. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Shemeji anakusalimu, sijamwambia. Kazini tupo. Lifti ya kubebea vifaa imeharibika, kwa hiyo tunapandisha kila kitu kwa ngazi, na mgongo wangu si ule wa zamani. Mpe mama mkono wangu. Mwambie yule muuguzi alikosea.

Pole sana kaka. Sijui niandike nini hapo, kwa hiyo naandika pole.

Kuhusu mashine. Kwanza toa kichwani hilo neno roboti. Hazipasui zenyewe. Daktari anakaa pembeni, ameshika vishikio viwili, na kila anachofanya kwa vidole ndicho vinachofanya vyuma vidogo ndani ya tumbo lako. Akitetemeka kidogo, mashine inauondoa mtetemo. Akiacha vishikio, nayo inasimama. Ni mkono wa mtu uliorefushwa na kuwekwa ndani ya tundu dogo.

Pweza ndiye mkongwe. Madaktari wengi wamejifunzia kwake. Daktari huingiza uso ndani ya kisanduku na kuona kila kitu kwa kina, kama ameinamia tumbo lako. Mikono imefungwa kwenye nguzo moja kwa hiyo kila mmoja unajua kukaa mbali na mwenzake. Ila Pweza wengi walioko mahospitalini hawampi daktari hisia ya kidole. Uzi ukikaza haisikiki, inaonekana tu, na macho hulazimika kufanya kazi ya ngozi.

Ndugu Wanne ni wapya. Kila mkono unausogeza unapotaka, kwa mtu mnene au mfupi ni faida. Daktari anatazama skrini iliyo wazi amevaa miwani maalumu, anazungumza na wenzake bila kutoa kichwa kwenye sanduku. Baadhi ya aina zake zinarudisha hisia mkononi. Lakini vigari visipopangwa vizuri mikono hugongana, na kuvipanga kunahitaji timu iliyozoea.

Wanaolinganisha wanasema damu inayopotea ni ile ile kidogo, siku za kulazwa ni zile zile, na hakuna aliyethibitisha kwamba moja inaponya kuliko nyingine. Hayo ndiyo ninayoyajua. Za aina ya Ndugu Wanne nilizitoa mwenyewe kwenye masanduku hapa kazini, nikazifunga skrubu kwa skrubu, kwa hiyo usinifanye hakimu.

Namba yako ya damu ni ngapi? Na umri wa wanao sasa ni miaka mingapi?

Mdogo wako

*

Tarehe 20 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mama anauliza mbona huji, mwaka wa tatu huu. Nimemwambia tiketi. Akasema tiketi haijawahi kumzuia mtu mwenye miguu. Cherehani ya vifungo imepona; ilikuwa kipande cha uzi kimekwama chini ya bamba, na fundi aliyekuja alijifanya anafanya kazi kubwa. Wanangu, kwa kuwa umeuliza, mmoja ana arobaini na moja na mwingine thelathini na saba. Sijui wanaingiaje humu. Namba yangu ni kumi na nne na nukta.

Barua yako nzuri lakini umemumunya maneno. Nilikuuliza ipi, umenijibu kama mwanasiasa. Basi nimekwenda mwenyewe, hospitali zote mbili.

Kwa Pweza daktari ni mama mmoja mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa uzi mweusi. Mashine hakunionyesha, anasema imo chumba cha upasuaji na mimi si nyuzi za kushonea. Akanieleza kwamba pembeni mwa tezi kuna mishipa ya fahamu, na ndiyo yenye mambo ya chumbani. Akasema, "Tutajitahidi mishipa ihifadhiwe." Nikamuuliza itahifadhiwa wapi, na je, nikipona nitarudishiwa? Alicheka mpaka akajifuta macho. Kumbe maana yake wataibandua tezi polepole, mishipa ibaki pale pale ilipo. Sasa kwa nini asiseme hivyo? Mimi nilikuwa nimeshaiona kwenye friji, ndani ya chupa yenye jina langu.

Kwa Ndugu Wanne mambo yalikuwa mengine. Wameweka mashine ya mazoezi ukumbini, mtu yeyote anaruhusiwa kujaribu. Nilikaa. Nikavaa miwani yao, nikashika vishikio, mbele yangu kipande cha mpira chenye mpasuko na sindano iliyopinda. Nilipiga nyuzi sita. Nakuambia kweli, niliusikia uzi ukikaza kidoleni! Kijana anayeionyesha akaita wenzake waje waone. Akaniuliza mzee umewahi kuwa daktari? Nikamwambia mimi nimeingiza mikono ya mashati miaka arobaini na tano.

Kwa sababu wamenieleza kazi yenyewe: tezi ikitoka, mdomo wa kibofu unabaki mpana na mrija wa mkojo mwembamba, na lazima viunganishwe pande zote bila kuvuja. Huo ni mkono wa shati na bega lake. Ukivuta upande mmoja, mwingine unakunjamana. Kazi kama hiyo huwezi kuifanya kwa macho tu, lazima vidole visikie. Kwa hiyo nimeamua. Nimepewa tarehe, 22 Aprili, hospitali mpya, Ndugu Wanne.

Usiku bado silali vizuri, lakini mchana nimetulia kidogo. Niambie mtu huwaje baada ya hapo. Hilo vijitabu vyao havisemi.

Kaka yako

*

Tarehe 11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Huku wazima. Mama umwambie nitakuja.

Ahirisha hiyo tarehe. Nakuomba. Sikusema usifanye, nasema usiweke kichwa chako mikononi mwa mashine kwa sababu imekupendeza kidoleni. Ukumbini ulishona wewe. Siku ile hutashona wewe. Rudi kwa madaktari wote wawili uwaulize swali moja tu: umetoa tezi ngapi kwa mashine hii? Si ngapi katika maisha yako. Kwa mashine hii. Mtu ameshona miaka ishirini kwa cherehani ya mguu, ukimletea ya umeme, mashati ya kwanza si ya kuuza. Hilo unalijua kuliko mimi.

Umeuliza mtu huwaje. Anaamka ana matundu matano au sita tumboni, kila moja kama la kifungo cha koti. Tumbo wanakuwa wamelijaza hewa, na mabaki ya hewa hiyo yanauma begani, si tumboni, jambo ambalo hakuna anayemwambia mtu kabla. Akikohoa inabidi akumbatie mto. Uwe mgumu, na magoti yakunjwe kwanza, maana ukichelewa kuyakunja unaona nyota. Mpira wa mkojo unakaa siku saba mpaka kumi. Mfuko wake ufungwe paja la kushoto. Ukifungwa la kulia mlango wa gari unaukamata. Siku ya kuutoa mpira beba nguo za akiba, na usiende na suruali ya kijivu. Baada ya hapo mkojo hautii amri wiki kadhaa, kwa wengi miezi. Wengi hurudi sawa. Wengi.

Uliza hilo swali, kaka. Nitasubiri jibu lako nikiwa na roho mkononi.

Mdogo wako

*

Tarehe 26 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mama ana mafua.

Swali lako nimeliuliza. Yule mama wa Pweza alijibu kabla sijamaliza: mia sita na kumi na mbili, na akataja waliorudi na matatizo, na matatizo yenyewe. Yule bwana wa Ndugu Wanne ni mtu mwema, ana mikono mizuri, amefanya kazi miaka mingi. Alitazama dirishani kwanza. Kisha akasema kwa mashine hii mpya, tisa. Hakuficha. Mimi ningekuwa wa kumi. Nimeifuta tarehe ya 22, na mama yule ameniweka tarehe 13 Mei.

Sasa jingine. Barua yako niliisoma mara ya kwanza kwa haraka. Mara ya pili nikaona umefuta kitu. Wewe hufuti, tangu shule daftari lako lilikuwa safi mpaka mwalimu akinionyesha mimi nione haya. Nikaiinua karatasi dirishani, kama ninavyotafuta kasoro kwenye kitambaa. Palipoandikwa "akikohoa", chini ya wino kuna "ni". Uliandika nikikohoa. Ukalifuta, ukaweka a.

Nikajiambia labda kalamu imeteleza. Lakini kuna habari ya mlango wa gari. Kuna habari ya suruali ya kijivu. Fundi wa mashine hajui kwamba kitambaa cha kijivu ndicho kinachoonyesha maji kuliko vyote. Hilo nalijua mimi kwa kuwa ni kazi yangu, na anayelijua mwingine ni aliyeivaa.

Siku ya kwanza kabisa daktari aliniuliza kama katika ukoo yupo mwanamume aliyewahi kuugua hivi. Nilifikiri baba, alivyokufa ameshika kiuno, sote tukisema ni mizigo aliyobeba. Nikafikiri na wewe. Nikamjibu hakuna.

Je, nilimdanganya?

Kaka yako

*

Tarehe 30 Aprili

Kaka yangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Ulimdanganya, lakini uongo ni wangu.

Ni miaka miwili na miezi minne sasa. Ile safari niliyokuambia nimepelekwa kwenye mafunzo wiki tatu, sikwenda mafunzo. Nilikuwa nimelala ghorofa ya tatu ya hospitali ninayofanya kazi. Shemeji yako wa huku ndiye peke yake aliyejua, na nilimwapisha.

Hospitali yetu ina mashine mbili, kama mji wenu. Pweza mmoja mzee, na zile mpya. Nami sikuuliza mkono wa nani. Nilichagua mpya kwa sababu nilizifunga mwenyewe. Nilijua kila waya, kila kiungo nilikuwa nimekipima kwa vipimo vyangu, na nikaona hakuna mtu katika jengo lile atakayelala chini ya mashine anayoiamini zaidi. Fundi huamini skrubu aliyoikaza. Daktari alikuwa mzuri, mwenye jina. Kwa mashine ile nilikuwa wa saba wake. Hakunificha, sikumuuliza. Na mashine haikuharibika hata dakika moja, kaka. Nilipozinduka kwenye nusukaputi jambo la kwanza niliuliza kama ilileta hitilafu, wakaniambia hapana, nikafurahi mimi mpumbavu.

Kansa ilitoka yote. Damu yangu hupimwa kila miezi sita na ni safi. Lakini ule mshono wako wa bega haukukaa vizuri, na mimi bado navuja. Pedi mbili kwa siku, tatu nikipanda ngazi. Suruali zangu zote sasa ni nyeusi. Mambo mengine, ya ile mishipa, yamekwisha, na shemeji yako amenivumilia kwa namna nisiyostahili. Ndiyo sababu siji. Nimefikiria kukaa sebuleni kwako na mama ananisogelea anuse shati langu kama anavyofanya, nikaona afadhali aseme nina kiburi.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Siku naruhusiwa kutoka, daktari alinipa karatasi. Imeandikwa kwamba ugonjwa huu hufuata damu, na ndugu wa kiume waambiwe wapimwe mapema. Alinisomea kwa sauti. Akaniuliza, "Una kaka?" Nikamwambia ninaye mmoja. Akasema, "Mwambie wiki hii."

Karatasi hiyo niliitia kwenye droo ya bisibisi. Nilijua nikikuambia upime utauliza kwa nini, na nikikuambia kwa nini utauliza naendeleaje. Nikafunika kombe. Nikajiambia nitasema mwezi ujao, nikapona kidogo, nikasema mwaka ujao. Kisha ikaja barua yako ya Januari.

Kama ungepima wakati ule namba yako pengine ingekuwa nne. Tano. Ninaifanya hesabu hiyo kila siku nikiwa kazini.

Nenda kwa yule mama. Si kwa ajili ya Pweza wake, ni kwa ajili ya hao mia sita na kumi na mbili.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini nijibu.

Mdogo wako

*

Tarehe 28 Mei

Kaka,

Sijapata neno lako. Tarehe 13 imepita. Siku ile sikuweza kufanya kazi, nilikaa kwenye karakana nikiangalia saa, nikihesabu: sasa wanamlaza, sasa wanamtoboa, sasa wanaunganisha. Nilipiga simu jioni. Shemeji alipokea akasema umelala. Kesho yake akasema umelala. Juzi mwanangu akapokea yeye, akasema baba mkubwa amepumzika, anasema ataandika.

Sauti ya mwanangu haikuwa ya kawaida. Sikuthubutu kuuliza.

Kama una hasira, niandikie hasira. Ila usininyamazie.

Mdogo wako

*

Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu,

Mama mzima, mafua yamekwisha. Shemeji yako sasa anajua yote badala ya nusu, na amenisema siku mbili mfululizo, akapumzika, akaendelea. Sare zimekwisha, tuna magauni ya harusi.

Barua yako ilinikuta nimelala chali, mpira wa mkojo mguuni, paja la kushoto kama ulivyoagiza. Nilikuwa nimeukumbatia mto wako mgumu. Nikaisoma, nikaiweka chini ya godoro, na nikawa sitaki kukuona wala kukusikia. Simu zako mbili za kwanza zilinikuta nimelala kweli, lakini ile aliyoipokea mwanao niliisikia. Sikuwa nimelala.

Nina hasira, na naisema ili usiitafute kwenye ukunjo wa karatasi. Ulinipa ushauri wa mashine kurasa mbili. Umenieleza kigari, miwani, uzi, kisanduku. Lile moja lenye maana ulilitia kwenye droo ya bisibisi. Mimi ni kaka yako. Nilikuosha ukiwa na tetekuwanga, mwili mzima vidonda, na mama akiogopa kukushika. Ulidhani nitakucheka kwa pedi?

Habari za mwili wangu ni hizi. Mama yule wa Pweza alichukua saa tatu na nusu. Mpira ulitoka siku ya nane. Navuja nikiinuka na nikicheka, kwa hiyo mafundi wamekatazwa kuchekesha. Kila wiki ni afadhali ya wiki iliyopita. Ile mishipa anasema ya kulia imebaki mahali pake, ya kushoto ilibidi iende. Ilibidi kwa sababu upande huo kansa ilikuwa imefika ukingoni mwa tezi, na walipoipima wakaona imegusa pindo lenyewe, pale walipokata. Agosti nitapima damu. Ikirudi namba, nitaanza kuchomwa mionzi. Isiporudi, basi.

Nilimuuliza kama ningekuja miaka miwili iliyopita isingekuwa imegusa. Akavua miwani akasema, "Sijui, baba. Na anayekuambia anajua, anakudanganya." Nimekuandikia jibu lake kama lilivyo, kwa hiyo acha kupiga hesabu kazini. Utakuja kukaza skrubu vibaya umuue mtu.

Watu husema yaliyopita si ndwele. Haya ya kwetu ni ndwele hasa, na hayajapita. Wanangu wawili niliwaita hospitalini siku ya tatu, nikawaambia habari ya baba na ya kwangu. Yule mkubwa ameshapima, yuko salama. Mdogo anaogopa sindano, lakini mke wake ameahidi kumburuta.

Mwanao naye alikuwapo. Nilikuwa sijamwita. Alikuja na ndizi, akanikuta katikati ya maneno, akakaa kwenye kona ya kitanda akasikiliza yote. Mwakani anatimiza arobaini. Wenzake walipotoka alibaki. Akamenya ndizi moja, akaniwekea mkononi. Kisha akaniuliza, "Baba mkubwa, na baba yangu je?"

Mdogo wangu, barua yako ilikuwa bado haijafika siku ile. Ningeweza kusema sijui, na isingekuwa uongo kamili. Nilimtazama usoni nikaona ameshafahamu kwamba kuna kitu. Nikamwambia hilo si langu. Nikamwambia amuulize mwenyewe baba yake, na asikubali kuzungushwa.

Alitaka kukupigia pale pale. Nikamzuia, nikamwambia mpe baba yako muda wa kujiandaa, naye akaahidi. Ahadi yake inaisha Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba. Siku hiyo atakuja hapa kwangu, ataketi chumba cha kushonea, mafundi hawapo, mlango nitaufunga mwenyewe. Saa kumi kamili jioni atakupigia.

Pokea.

Kaka yako